Ile miaka 16 ya vitabuni mimi sikuiona

Swali lenu la wiki hii, kwamba vitabu tulivyosoma utotoni vilituongopea nini kuhusu ujana, aisee mmenigusa pabaya. Mimi nilikuwa mtoto wa kusoma chochote, na naanza na gari.

Nancy Drew, yule binti mpelelezi wa vitabu vya Marekani, alipotoka 1930 alikuwa wa miaka 16 na gari lake mwenyewe, anaingia anatoka anavyotaka, mama alishafariki, baba ni wakili na wala hamkalishi chini kumuuliza unaenda wapi, na nani, unarudi saa ngapi. Kuanzia 1959 vile vitabu vya mwanzo vikaanza kuandikwa upya, binti akaongezwa umri akawa wa miaka 18. Nilivyokuja kujua hilo ukubwani nilicheka, maana kumbe hata wenyewe waliona pale pana kitu hakijakaa sawa, ila walichosogeza ni umri tu, ile ruhusa hawakuigusa.

Na ruhusa ndo ilikuwa shida yangu! Mtoto unasoma habari za watu wa miaka 16 wewe una tisa au kumi, hujui lolote, kwa hiyo unaichukulia kama ratiba, eti nikifika huko na mimi nitakuwa natoka. Unafika, kutoka jioni tu mpaka nyumba nzima ikae kikao. Siwalaumu sana waandishi lakini. Mzazi akibaki kwenye stori, stori inafia ukurasa wa tatu, mama kasema hapana, mwisho. Ndo maana wazazi wa vitabuni wamekufa, wamesafiri au wako bize mno. Wale watoto wa Famous Five, hadithi za Kiingereza za watoto wanaofuatilia mikasa, walipewa vitabu 21, kuanzia 1942 hadi 1963, karibu vyote ni likizo na mikasa, ukizijumlisha hizo likizo wangeshakuwa watu wazima na familia zao ila hawakui, na bado wanaruhusiwa kulala nje peke yao.

Ila kilichoniumiza zaidi ni ugomvi. Kwenye stori za shule marafiki wakikosana, kabla kitabu hakijaisha mmoja lazima amfuate mwenzake, analia, anaeleza kila kitu, wanakumbatiana. Nilikuwa na rafiki yangu wa darasani, tukiwa sekondari, akaacha kunishikia kiti. Basi, hakukuwa na tukio lingine, kiti tu, na mchana anakula na wengine. Mimi nikasubiri ile siku ya kuelezana, maneno yangu nilishayapanga kichwani, mpaka pale atakapoanza kulia na mimi nimkatize nilipapanga. Hakuja. Tukawa tunasalimiana vizuri tu, mambo, poa, mpaka tunamaliza shule, na hadi leo sijui nilifanya nini au kama kuna chochote nilichofanya. Hakuna kitabu kilichoniambia urafiki unaweza kuisha hivyo, bila kosa, bila sura ya mwisho.

Na hapo bado mapacha wa Sweet Valley High, mfululizo wa vitabu vya Marekani vya wanafunzi wa sekondari ulioanza 1983, wamekaa na miaka yao 16 vitabu zaidi ya mia, hawana hata chunusi. Aliyewabuni alikuwa anapanga visa vyao, anawapa waandishi wengine waandike chini ya jina la kubuni. Yaani watu wazima, wanafanya kazi yao ya kulipwa, na mimi huku nayashika kama maelekezo ya maisha.

Cha kushangaza, kitabu cha kweli kilikuwepo siku zote. Judy Blume, mwandishi wa Marekani, alitoa kimoja 1970 kuhusu binti anayesubiri kuvunja ungo na kuwaza kifua chake, gari hana, jambazi hamkamati, anasubiri tu na kuona aibu kama sisi. Mwandishi akapeleka nakala kwenye shule ya watoto wake mwenyewe, mwalimu mkuu akakataa visiwekwe maktaba kwa sababu vinataja hedhi, na Marekani kwa miaka mingi kilikuwa kati ya vitabu ambavyo watu wengi walidai viondolewe. Sasa niambieni, binti kufukuzana na wezi usiku ni sawa, ila binti kupata siku zake ndo atawaharibu watoto? Mimi kilinifikia nimeshavuka huko, hakikunisaidia kitu. Nikampa mdogo wangu mapema, akakimaliza haraka, mapenzi na mengine yote akayapita, akaja kuniuliza swali moja tu, kama hiyo hali inauma na inakaa siku ngapi. Nikamjibu.