Wimbo wa mafuriko: tuomboleze au tutie moyo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana 14 wa kwaya hapa Kibaigwa. Mvua imebomoa nyumba za tembe za majirani zetu waliojenga karibu na korongo, na familia kadhaa bado zinalala darasani. Tumetunga wimbo wa taratibu, tunataka kuurekodi ili watu wachangie. Wazee wa kwaya wanataka uwe wa maombolezo, sisi tunataka wa matumaini. Mwingine akasema wimbo haujengi nyumba, tukanyamaza wote. Tufanyeje?
Katibu wa kwaya, Kibaigwa

JIBU: Marahaba, katibu. Uwe wa matumaini, ila matumaini yenye mabati na misumari ndani yake.

Desemba 2023, siku chache baada ya tope la Mlima Hanang kuufunika mji wa Katesh, nilipanda lori na kwaya yetu ya hapa Dodoma. Tulibeba magodoro, unga, na wimbo mmoja wa kuomboleza ambao tuliufanyia mazoezi usiku kucha. Tulimkuta mama mmoja ameinama anakwangua tope kwenye sufuria kwa kipande cha kandambili. Tukaimba. Alisikiliza ubeti wa kwanza, akanyanyua uso: "Wanangu, kulia tumeshalia. Mna sabuni?" Hatukuwa nayo hata mche mmoja. Iliniuma, na inaniuma bado.

Kwa hiyo kabla ya studio, nendeni darasani mkakae na wenyewe. Ulizeni nyumba ngapi, mabati mangapi, kipi kinatangulia. Hicho ndicho mkiimbe, kwa jina lake.

Kuhusu huyo aliyewanyamazisha, mwambieni habari ya mwaka 1985. Michael Jackson na Lionel Richie walitunga wimbo "We Are the World" kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, na usiku wa Januari 28 waimbaji zaidi ya 40 wakakutana studio moja ya Los Angeles. Quincy Jones, aliyesimamia kazi, alibandika tangazo: majivuno yaachwe mlangoni. Watu waliozoea jukwaa zima wakapewa kila mmoja kipande kifupi, na wengine wakaishia kwenye kiitikio tu. Stevie Wonder akapendekeza sehemu moja iimbwe kwa Kiswahili, akaambiwa Waethiopia hawasemi Kiswahili. Nafurahi lugha yetu ilitajwa mle ndani, lakini aliyekataa alikuwa na haki. Wimbo ule ulikusanya zaidi ya dola milioni 60. Wimbo haupigi misumari, ni kweli. Unamfanya mtu atie mkono mfukoni.

Na ninyi Kibaigwa mna soko la mahindi! Imbeni pale, malori yanapopakia, wafanyabiashara wakiwa na fedha mkononi. Wametoka mikoa mbalimbali, basi beti ziwe za Kiswahili, na mmoja wa Kigogo kwa ajili ya wale walioko darasani, wajisikie wamo. Kiitikio kisizidi mistari miwili. Muuza karanga akisikie mara moja, mara ya pili aitikie. Anzeni na sauti moja na kinanda kinachopigwa taratibu kabisa. Sauti nyingine ziingie polepole, na mwishoni waiteni akina mama na ngoma zao za muheme. Hapo hakuna atakayebaki amekaa.

Fedha zisiingie kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu vipi. Namba isajiliwe kwa jina la kikundi, mtendaji wa kata ajue, na kila jioni andikeni ubaoni kilichoingia na kilichonunuliwa. Nimeona kwaya nzuri ikivunjika kwa sababu hiyo moja.

Wazee msiwaache nje. Msiba upo, na wao wanajua kuuimba. Wapeni ubeti wa kwanza kwa sauti ya nne, ile nzito ya besi, waomboleze hapo, kisha ninyi mpokee kwenye kiitikio.