Mume anataka kumnunulia mkewe bunduki ya kuwindia

Shangazi, shikamoo. Ninaishi Nyegezi, Mwanza, na ninamiliki kihalali bunduki ya .30-06 (hicho ni kipimo cha risasi yake) ambayo huwindia kwa leseni. Mke wangu amezoea kufuatana nami porini, na sasa anataka kuwinda mwenyewe swala, ngiri, na pengine kongoni. Nimepanga kumnunulia bunduki kwa siri iwe zawadi. Rafiki zangu wengine wanasema nichukue .375 ili azoee nguvu mapema, wengine .30-06 ili tutumie risasi za aina moja. Aliwahi kujaribu yangu, bega likavimba, na tangu hapo haigusi. Nichague ipi?

Marahaba, mwanangu. Jambo zito kuliko yote katika barua yako umeliweka mwishoni, kana kwamba ni la kupita tu: bega la mkeo lilivimba, naye hakuigusa tena bunduki ile. Mtu aliyeumizwa na teke la bunduki, yaani msukumo wake wa kurudi nyuma begani, hukaza bega na kufumba macho sekunde ile ile anapovuta kifyatulio, mtutu ukayumba, na risasi iliyokusudiwa kupita nyuma ya bega la swala ikampata tumboni. Mnyama wa namna hiyo hukimbilia vichakani na kufa kwa mateso mbali na macho yenu. Woga huo hautibiwi kwa risasi kubwa zaidi, kwa hiyo shauri la .375 liache huko huko kijiweni lilikotoka. Risasi hiyo, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1912, ni ya nyati na wenzake wa hatari, na teke lake hukaribia mara mbili ya lile la .30-06.

Kwa swala pala, ambaye dume lake kwa kawaida halizidi sana kilo 70, na kwa ngiri, risasi ya .243 yenye kichwa (kile kipande kinachoruka) cha gramu 6.5 inatosha kabisa, na teke lake ni kama nusu ya lile la bunduki yako ikiwa bunduki zenyewe zina uzito unaolingana. Kongoni ni mnyama mzito zaidi na mgumu wa kufa. Ikiwa mkeo amemtia nia kweli, ningemwelekeza kwenye 7x57, risasi ya Kijerumani ya mwaka 1892 ambayo bado ni ya upole begani, au .308 yenye kichwa chepesi, ambayo huenda ikapatikana kwa urahisi zaidi. Usinunue bunduki yoyote kabla ya kumuuliza mwuzaji mwenye leseni ni risasi zipi huziagiza mara kwa mara, wala kabla ya kuthibitisha kwa ofisa wa wanyamapori kwamba kipimo hicho kinaruhusiwa kwa mnyama mnayemkusudia. Mkichagua .308, risasi zake zisikae mfuko mmoja na zako hata siku moja, kwa sababu huweza kuingia katika chemba (chumba cha risasi) ya .30-06 na ganda likapasuka usoni mwa mpigaji.

Hata hivyo, risasi sahihi katika bunduki isiyomkaa itamuumiza vilevile. Vitako vingi vya kiwandani hupimwa kwa mwanamume wa kimo cha wastani, takriban sentimeta 34 kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, na mwanamke mfupi hulazimika kunyoosha shingo na mkono ili avifikie. Fundi anaweza kukipunguza kitako na kukitia mpira, lakini akishakipunguza ni lazima darubini ya kulengea isogezwe mbele, la sivyo itampasua nyusi. Msidanganywe na bunduki nyepesi mno eti kwa kuwa ni ya mwanamke: kadiri inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyopiga teke zaidi. Kilo tatu na nusu pamoja na darubini ni uzito mzuri.

Kuhusu siri, haiwezekani. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mkeo anahitaji leseni yake mwenyewe, na maombi yake hupitia serikali ya mtaa na polisi, ambako atahojiwa yeye, si wewe. (Nami sioni raha ya zawadi ambayo mtu anaipokea na kuanza kuiogopa siku hiyo hiyo.)

Mweleze nia yako wiki hii, umuulize bila mzaha kuhusu siku ile ya bega, kisha mfuatane dukani akashike bunduki kadhaa. Mazoezi yake yaanze kwa .22, risasi ndogo yenye teke dogo, katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, akiwa amevaa vizuia sauti masikioni, na asipige risasi nyingi za bunduki kubwa kwa siku moja. Na endapo atachagua .243 wakati wewe moyo wako uko kwenye .308, lipa hiyo .243, na kongoni utampiga wewe.