Chapa si nakala

Msomaji wa Morogoro ameandika makala kuhusu lithografia za dhahania, yaani chapa za jiwe zisizoonyesha umbo la kitu halisi, zilizotengenezwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kuhusu kazi ya mchoraji mmoja, yeye aliandika "chapa ya Willem de Kooning". Mhariri akafuta, akaweka "nakala ya mchoro wa Willem de Kooning". Msomaji anauliza nani yuko sahihi.

Ni wewe, ndugu yangu, na una haki ya kudai neno lako lirudishwe.

"Nakala" tumelipata kwa Waarabu, "chapa" limetoka Bara Hindi. Asili tuiache hapo, kwa maana kinachoniudhi ni matumizi. Kila karatasi iliyopita kwenye mashine siku hizi inaitwa nakala! Nakala haiwi nakala mpaka kiwepo kilichonakiliwa. Sasa, mwaka 1960 kule Berkeley, California, de Kooning alichovya fagio la kupigia deki katika wino wa mafuta, akalipitisha juu ya jiwe la chokaa kwa nguvu ya mkono mzima. Mchoro gani hapo ulinakiliwa? Fundi hulipaka jiwe gundi yenye tindikali, hulilowesha maji, kisha hulipitishia rola ya wino. Wino hushika penye mafuta, penye maji hukataa. Karatasi inayobanduliwa hapo ndiyo kazi yenyewe, tena imegeuka: kilichokuwa kushoto mwa jiwe kimekuja kulia. Toleo, yaani seti nzima ya chapa za jiwe hilo, likikamilika, jiwe husuguliwa mpaka alama zote zitoke, lichorwe upya. Hicho anachokiita mhariri "mchoro" hakipo tena.

Asiporidhika, mpeleke West Islip, Long Island, jimbo la New York, kwenye karakana ya chapa aliyoianzisha Tatyana Grosman mwaka 1957. Mwaka 1963 msanii Robert Rauschenberg alikuwa akichapisha hapo, jiwe likapasuka. Wakaandaa la pili, nalo likapasuka. Rauschenberg hakulitupa. Aliagiza lichapishwe hivyo hivyo, na ufa ukatokea kama mkanda mweupe uliokata picha mshazari, na vipande vilivyomeguka vikaacha alama zao chini. Kazi hiyo aliiita "Accident", yaani ajali, na mwaka huohuo ikashinda tuzo kuu ya maonyesho ya kimataifa ya chapa huko Ljubljana, Yugoslavia. Mwenye kusema "nakala" atuambie ufa ule umenakiliwa kutoka wapi. Hakuna turubai ya kuchorea iliyopasuka, wala karatasi iliyochanika. Jiwe lilipasuka, na karatasi ikaupokea ufa. Ukiita hiyo nakala, umemnyima msanii kitu alichokipigania siku ile, na umemnyima fundi wa mashine pia.

Nakala zipo, sikatai. Bango la dukani lililotokana na picha iliyopigwa kwa kamera ya turubai ya de Kooning ni nakala, na liitwe hivyo waziwazi, maana mnunuzi anatoa fedha yake.

Wako wanaolikwepa "chapa" kwa kuwa siku hizi limekuwa neno la nembo za sabuni na majani ya chai. Hilo nimechoka kulipigania. Neno moja linaweza kubeba kazi mbili, na muktadha utaamua. "Lithografia" nayo ibaki, ingawa "chapa ya jiwe" inamtosha msomaji yeyote. Seti nzima iite "toleo". Ukiona 7/30 imeandikwa kwa penseli pembeni mwa karatasi, andika "chapa ya 7 kati ya 30".