Mshono wa titi katika joto la Mombasa

Nilitolewa titi kwa sababu ya saratani, msimu wa kaskazi, miezi ile ambayo hata usiku wa manane shuka inakugandia mwilini. Maelekezo niliyopewa nikitoka hospitalini yalisisitiza jambo moja: kidonda kikae kikavu. Kwa anayeishi kwenye nyumba ya mabati, na umeme wenyewe wa kuja na kuondoka, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Kina dada wengi huniuliza nilipaka nini. Sikupaka kitu. Nilipigana na jasho, na nikawazuia wanaonipenda wasiniletee dawa zao.

Bendeji ya kwanza usiiguse mpaka muda uliopewa na daktari. Akisharuhusu kuoga, na kwa wengi huwa ni siku mbili hivi baada ya upasuaji, simama wima, mwaga maji kidogo kidogo kutoka begani yateremke yenyewe juu ya mshono. Sabuni isiyo na harufu kali yatosha. Usisugue. Ukimaliza, gusagusa kwa kitambaa safi, kisha keti mbele ya feni mpaka kwapa na sehemu ya chini ya titi zikauke kabisa, maana jasho hujificha huko. Poda, marashi, spiriti na Dettol viweke mbali. Vile vipande vya plasta vilivyobandikwa juu ya mshono viache vibanduke vyenyewe.

Maji ya kisima yanahitaji tahadhari. Visima vingi vya mjini viko karibu na vyoo vya shimo, kwa hivyo yale ya kumwagia kidonda yachemshe, uyaache yapoe. Na kwa wanaoswali, dini imeruhusu kupangusa juu ya bendeji wakati wa udhu badala ya kuilowesha. Muulize sheikh wako akueleze namna yake.

Dera, vazi letu la nyumbani, halifai siku za mwanzo kwa sababu linavaliwa kwa kuinua mikono. Vaa shati la vifungo mbele au jifunge leso laini ya pamba, uibadilishe kila inapolowa. Sidiria iwe ya kufungia mbele, isiyo na waya.

Wengine wetu tunarudi nyumbani na mrija ulioingia ubavuni, mwisho wake una kichupa laini kinachofyonza maji ya kidonda. Unatisha ukiutazama mara ya kwanza, lakini ndio unaozuia maji yasijikusanye chini ya ngozi. Nawa mikono, mwaga, pima, andika kwenye daftari kila siku, kisha kiminye kichupa kabla ya kukifunga ili kiendelee kufyonza. Rangi huanza nyekundu, ikawa ya waridi, mwisho manjano hafifu. Kibane kwenye nguo kwa pini kisining'inie. Kwa kawaida mrija hutolewa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, kwa hivyo daftari lile nenda nalo kliniki. Kichupa kikijaa damu nyekundu ghafla, usingoje tarehe ya miadi. Na baada ya mrija kutolewa, ukiona uvimbe unaochezacheza kama mfuko wa maji, daktari ataunyonya kwa sindano. Usijitoboe.

Sasa wageni. Wanakuja na mafuta ya nazi, asali, manjano, na kuna atakayetaka kukukanda kwa maji moto kama mwanamke aliyejifungua. Hili nalisema kwa uzito: baada ya upasuaji, ngozi ya kifuani na kwapani huwa imekufa ganzi kwa sababu mishipa ya fahamu imekatwa. Unaweza kuunguzwa usijue. Mimi nilikuwa nikisema, "Shangazi, dawa yako niwekee, daktari akiniruhusu nitakuita mwenyewe." Hakuna aliyekasirika.

Kukuna nazi, kufua na kubeba mtungi waachie wengine mpaka uruhusiwe. Mkono wenyewe usiufungie. Uchezeshe taratibu kama ulivyofundishwa, la sivyo bega litakakamaa. Kwenye tuktuk kumbatia mto mdogo kifuani. Ukivuka Likoni, subiri feri yenye nafasi, ule msukumano si wa mtu mwenye mshono.

Kama una kisukari, pima kila siku, kwani sukari ikipanda kidonda kinachelewa. Kula samaki, mayai, maharagwe, pojo. Mshono uliochelewa kupona unaweza kuchelewesha hata kemo, yaani dawa za kuua saratani, au mionzi, na kwa mgonjwa wa saratani muda huo ni mali.

Kuwasha, ngozi kuvuta na michomo ya ghafla ni mambo ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni usaha, harufu mbaya, mshono kuachia, maumivu yaliyokuwa yamepungua kurudi kwa nguvu, au homa ya nyuzi 38 na zaidi. Vitabu husema tutazame wekundu, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tazama pale palipozidi weusi au panapong'aa, kisha weka mgongo wa kiganja chako ulinganishe joto la pande mbili. Ukiona dalili hizo nenda siku hiyo hiyo, iwe hospitali ya Makadara hapa Mombasa au nyingine yoyote iliyo karibu, hata kama ni usiku.

Kidonda kikishafunga kabisa, uliza kuhusu kulisugua kovu kwa vidole, maana husaidia lisishikane na nyama ya chini. Ikiwa makovu yako huwa yanavimba na kukua kupita kidonda chenyewe, mwambie daktari wa upasuaji mapema. Zipo plasta za silikoni za kulituliza. Kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima na zaidi, na muda huo lifunike lisipigwe na jua.