Tanki la presha lita 24 au 100? Pima kwa ndoo kwanza

Mkuu, swali lako nimeliona: kisima cha mita 60 huko Ngaramtoni, pampu ya kuzama (inayokaa humo humo kisimani) ya HP 1, fundi anasema tanki la presha la lita 24, lile linalotunza maji yenye msukumo ili pampu isiwake kila unapofungua bomba, linatosha, muuzaji anakwambia chukua la 100, na wewe unahisi muuzaji anataka kukupiga. Safari hii muuzaji yuko sahihi. Mimi nilimsikiliza fundi.

Kwangu ni Moshono, kisima na pampu ni kama vyako. Tulifunga la lita 24, jekundu, halichukui nafasi, bei inavutia. Swichi ya presha iliwekwa iwashe pampu kwenye baa 1.4 (baa ni kipimo cha presha) na kuizima kwenye 2.8. Jumamosi moja ya kufua nimekaa kibarazani na chai, nikaisikia swichi kule stoo: ta! Pampu imewaka. Funda mbili za chai, ta! Imezima. Nikapima kwa simu: sekunde kumi na mbili. Ndoo inayofuata, ta! tena. Nikadhani ndivyo mambo yanavyokwenda kwa wenye visima. Mwezi wa nane mota ikaungua.

Kuitoa sitaki hata kukumbuka. Vijana wanne, mita 60 za bomba lililojaa maji, waya umefungwa humo humo, matope hadi magotini. Fundi wa kusuka mota alipoifungua, kibanda kizima kikanuka vanishi iliyoungua. Akaniuliza, "Mzee, hii kwa siku ilikuwa inawaka mara ngapi?" Nikabaki namtazama.

Kosa langu lilikuwa kuisoma ile 24 kama lita za maji. Humo ndani kuna mpira unaobeba maji, na upepo unaoubana kwa nje. Maji unayoyapata kuanzia pampu inapozima mpaka iwake tena ni kama theluthi moja tu ya namba iliyoandikwa. Kwa hiyo lita 24 hukupa lita 8 hivi, na lita 100 hukupa kama 35. Pampu yangu inatoa lita 40 kwa dakika. Hizo lita 8 inazirudisha kwa sekunde kumi na mbili, basi, inazima. Mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake na kupata joto, na kinachoipoza ni maji yanayopita pembeni yake wakati inafanya kazi. Ukiizima kabla haijapoa, halafu ukaiwasha tena na tena siku nzima, unaikaanga. Ndiyo maana kwa mota ndogo kama hizi kanuni ni kwamba ikishawaka isizime kabla ya dakika moja.

Kwa hiyo usianze na tanki, anza na ndoo ya lita 20. Fungua maji yanakotokea kisimani, kabla ya tanki, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 30, pampu inatoa lita 40 kwa dakika, na tanki la kutosha ni kama lita 120. Ikijaa kwa 40, ni lita 30 kwa dakika, na la lita 100 linakutosha bila wasiwasi. Mimi nina la 100 na pampu inakaa sekunde hamsini na kitu, nimelikubali.

Lakini hilo la 100 nalo lilinisumbua mwanzoni, maana fundi alilifunga na upepo wake wa kiwandani. Unaoga, povu kichwani, maji yanakata ghafla, kisha yanarudi kwa kishindo. Upepo ulikuwa mwingi kuliko presha ya kuwashia, kwa hiyo maji yalikuwa yanaisha tankini kabla pampu haijaamka. Zima pampu, fungua bomba mpaka maji yaishe kabisa, ndipo upime. Valvu yake ni kama ya tairi, mimi niliazima geji ya fundi pancha. Kama swichi inawasha kwenye baa 1.4, sawa na psi 20, weka psi 18. Pima tena kila baada ya miezi michache. Ukibonyeza ile valvu yakatoka maji badala ya upepo, mpira umepasuka.

Kuna watakaokwambia achana na haya yote, jenga mnara upandishe simtank. Wana hoja: umeme ukikatika, tanki la presha linakupa hizo lita 35 halafu kimya. Ila simtank kwenye mnara wa mita sita ni baa 0.6 tu, na hita ya bafuni inaweza kugoma. Kama kisima chako kinajaa polepole, mimi ningejaza simtank ya chini taratibu, halafu pampu ndogo ya juu ya ardhi isukume maji ndani ya nyumba. Hapo ndipo lita 24 inaeleweka, kwa sababu pampu hiyo ni ndogo, na hata ikiungua unaifungua kwa spana mbili bila kuita vijana wanne.

Langu la lita 24 bado liko stoo, mpira wake mzima. Ukiamua kufuata njia hiyo ya simtank, njoo ulichukue.