Mkeo hakuficha viatu bure

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, ndoa yangu ina miaka 11. Zimebaki wiki tisa nikimbie marathoni yangu ya kwanza, na mwaka huu umenielemea. Mama alifariki miezi minne iliyopita, kazini wamepunguza watu nami nikawemo, na sasa muundi wa mguu wa kulia unaniuma. Pamoja na yote hayo sijakosa hata siku moja ya ratiba. Jumapili nimeamka saa kumi alfajiri niende kilomita 30, nikakuta mke wangu ameficha viatu. Hataki kusema viko wapi. Nahisi ana wivu na hatua niliyofikia. Nifanyeje aniunge mkono?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa kazi. Mambo hayo mawili ndani ya mwaka mmoja ni mazito kwa mtu yeyote.

Sasa tuambiane ukweli. Barua yako ni ndefu, hapo juu nimeifupisha, na wasomaji hawajaona yale uliyoyapitia juu juu. Umeandika kwamba asubuhi unashuka ngazi kiubavu huku umeshika ukuta, mpaka mguu upate moto. Umeandika kwamba maumivu yako mahali pamoja, unaweza kupafunika kwa ncha ya kidole, na usiku panapwita. Na wiki ya tatu sasa unameza vidonge vya maumivu kabla ya kutoka. Mwanamke anayelala kitanda kimoja na wewe, anayesikia unavyoguna kila ukijigeuza, ndiye unayeniambia ana wivu? Hapana. Mkwe wangu ana hofu, na hofu yake ina sababu.

Mimi si daktari, ila nimeishi na wakimbiaji nyumbani kwangu, najua kinachotisha hapo. Muundi ukiuma kwa kutambaa, eneo refu upande wa ndani wa mguu, mara nyingi ni mfupa na misuli vinalalamikia kilomita zilizoongezwa haraka. Maumivu yanayokaa nukta moja, yanayouma hata ukiwa umelala, yanaweza kuwa ufa mdogo kwenye mfupa. Ufa wa namna hiyo eksirei ya wiki za mwanzo huenda isiuonyeshe kabisa, kwa hiyo usiende kupiga picha moja ukarudi nyumbani unashangilia. Mweleze daktari yote, na vidonge usivifiche. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ikiwa ni ufa, mara nyingi unataka wiki sita hadi nane bila kukimbia. Umebakiwa na tisa. Hesabu hiyo unaijua, ndiyo maana hujaenda hospitali.

Najua unachoogopa: kwamba ukisimama, jasho lote la miezi hii limepotea. Si kweli. Pumzi haiishi kwa wiki moja wala mbili, na daktari akiruhusu utaogelea au utapanda baiskeli mguu ukiwa unapona. Na hata marathoni hii ikikupita, kilomita 42.195 hazihami, zitakuwepo mwakani. Eliud Kipchoge alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye Olimpiki mbili mfululizo, Rio 2016 na ile ya Tokyo iliyokimbiwa 2021. Paris 2024 mgongo ulimkamata, akaacha kukimbia baada ya kilomita 30, akatembea mbele ya dunia nzima. Kama yeye aliweza kusimama, wewe unayekimbia kwa mapenzi tu unaweza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na hili nalisema kwa wote wanaonisoma, maana linanikera miaka sasa. Ndoa za siku hizi zimejaa watu wanaotoa ripoti kwa wageni. Mtu anamaliza kukimbia, jasho halijakauka, tayari ameweka kwenye simu: kilomita ngapi, kila kilomita dakika ngapi, moyo umepiga mara ngapi. Anapongezwa na watu ambao hata majina yao halisi hayajui. Mwenzake yuko chumba cha pili, hajui kama leo mguu umeuma au umenyamaza. Jumapili nzima inakwenda, saa tatu za barabarani, mbili za kulala, na watoto "wako na mama yao", kama ulivyoandika wewe. Halafu tunauliza kwa nini hatuungwi mkono. Anayekupongeza kwenye simu hatakubeba ukishindwa kukanyaga chini. Atakayekubeba ni huyo aliyeficha viatu, na ndiye uliyemweka nje ya jambo lako lote.

Lakini lililonifanya nisome barua yako mara tatu ni jingine. Umeandika: "Siku mama anafariki nilikuwa kwenye mbio ndefu, simu niliiacha kwenye gari. Mke wangu ndiye aliyenipokea mlangoni hospitali." Mistari hiyo tu, kisha ukarudi kwenye ratiba. Na tangu siku hiyo hujakosa siku hata moja.

Mwanangu, hukufanya kosa kwenda kukimbia asubuhi ile. Hakuna aliyekuwa anaijua saa. Ila naona unakimbia kana kwamba ukipumzika siku moja tu, siku ile itakukuta. Mguu umeshakwambia huwezi. Kulia unaweza, hata kwa miaka 41 yako, na mbele ya mkeo ndipo pa kulilia.

Yeye naye ana kilio chake. Mama yako alikata roho huku mkwewe amekaa kando ya kitanda. Miezi minne amebaki na saa zile peke yake, kwa sababu kila akitaka kuanza kuzungumza wewe umeinama unafunga kamba za viatu.

Kesho nenda kwa daktari, naye mkeo muende wote, aingie hadi ndani. Lakini leo jioni, watoto wakishalala, usiulize viatu viko wapi. Umeniandikia kurasa nne za kilomita na dakika, na hakuna mahali uliposema mama alizungumza nini mwishoni. Nadhani hujui. Mkeo anajua. Kaa karibu naye, umuulize.