Maswali ya Wasomaji: Ukumbi na Ngazi Zenye Giza

*Nyumba yetu ni ya mawe, ipo Mji Mkongwe, Unguja. Ukumbi wa kuingilia na ukuta wa ngazi tumeupiga rangi ya maji nyeupe mara mbili, na kila baada ya masika inavimba na kubambuka. Chini yake tunakuta unga wenye ladha ya chumvi. Tununue rangi gani iliyo imara zaidi?*

Rangi imara zaidi ndiyo itakayowatesa zaidi. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa: hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani polepole. Rangi ya maji mliyopaka ni ya plastiki, na huziba njia hiyo. Unyevu hubeba chumvi hadi nyuma ya rangi, chumvi ikaganda kuwa chenga, na chenga zikaisukuma rangi nje. Lipu ya saruji ina ubaya huohuo, tena huupandisha unyevu juu zaidi. Ukifika kwenye vichwa vya boriti huviozesha.

Kwanza tafuteni maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni mfereji wa paa uliotoboka au bomba linalovuja ukutani. Kisha kwangueni rangi yote ya plastiki, kwa sababu chokaa haishiki juu yake. Chumvi ipigwe brashi ikiwa kavu na izolewe. Mkiiosha kwa maji mnairudisha ukutani. Palipo na saruji, ibanduliwe taratibu na pazibwe kwa lipu ya chokaa: chokaa ndoo moja, mchanga ndoo tatu. Mchanga wa pwani usitumike, una chumvi yake.

Chokaa ya kupaka ni chokaa ya ujenzi iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji ikachemka na kutulia. Ikiwa ni ya mfuko, iloweke usiku kucha. Sehemu moja ya uji mzito wa chokaa huchanganywa na maji sehemu mbili hadi tatu, mpaka iwe nyepesi kama maziwa, kisha ichujwe. Lowesheni ukuta, pakeni mkono (tabaka) mwembamba, subirini siku moja, mrudie. Mikono minne au mitano inatosha. Ikiwa mbichi haionekani vizuri, weupe huja inapokauka, na hapo ndipo mafundi wengi wanapokosa subira wakaizidishia uzito. Chokaa nzito hupasuka na kuacha unga. Mgeni akijisugua ukutani, mistari myeupe kwenye bega la buibui lake itawaambia. Vaeni miwani na glavu, maana chokaa huunguza macho.

Mkitaka kuficha uchafu wa mikono, mkanda wa chini, kama mita moja, utiwe rangi ya unga ya oksaidi, ya manjano au nyekundu ya udongo. Isizidi asilimia 5 ya uzito wa chokaa.

*Ngazi zetu za mbao ni za kusimama sana na hazina dirisha. Mama mkwe anapapasa hata mchana. Fundi anataka kutoboa dirisha ukutani.*

Mzuieni kwanza. Huenda ukuta huo ndio uliobeba boriti za ghorofa, na kama mpo ndani ya eneo la hifadhi la Mji Mkongwe, hamtoboi bila kibali cha mamlaka inayousimamia mji.

Dari kati ya boriti ipakwe chokaa pamoja na kuta. Dari nyeusi humeza mwanga wote. Wekeni balbu ya LED ya wati 5 hadi 7 kila pumziko la ngazi, na swichi za njia mbili, moja chini na moja juu, ili mtu asipande gizani kwenda kuwasha. Nyaya zipite kwenye mabomba yaliyofungwa juu ya uso wa ukuta, si ndani yake. Kuchimba mawe hayo huyalegeza.

Kwenye vidato, uso wa mbele upakwe rangi nyeupe ya mafuta, sehemu ya kukanyaga ibaki ya mbao au rangi nzito, na ukingoni pigeni mstari mweupe wa sentimita 4. Mstari huo unamfaa mama kuliko balbu ya tatu. Changanyeni mchanga laini kidogo kwenye rangi ya mstari, la sivyo utateleza. Pakeni kidato kimoja, mruke kimoja, ili watu waendelee kupita. Vilivyobaki vipakwe kesho yake. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo sugueni kwa msasa wa maji, kamwe si mkavu, na watoto wasiwepo. Mkono wa ngazi uwe na rangi tofauti na ukuta.

*Mlango wetu wa nakshi umepauka. Tuupige vanishi?*

Hapana. Vanishi juani hupasuka, na kuikwangua ndani ya nakshi ni kazi ya wiki. Toeni vumbi kwa brashi laini, kisha pakeni mafuta ya kitani (linseed) kwa kitambaa, kidogo sana, na yafuteni yanayobaki baada ya dakika 20. Vitambaa vilivyotumika vitieni kwenye ndoo ya maji: vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.